Fomu ya Tathmini

Chuo kimeleta fomu, kurasa tatu, nakala mbili,
na kalamu yangu huandika ikitaka yenyewe.
Jina la mwanafunzi: Yusta Ndimbo, mwaka wa pili.
Mahali pa mafunzo: Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Temeke,
chumba cha mwisho, pale feni inapozunguka bila upepo.
Muda: wiki nane.

Mahudhurio. Naweka tano kati ya tano.
Alikuwa akifika kabla ya mwenye funguo,
anakaa kwenye benchi la wateja, katikati ya akina mama wa kesi za matunzo,
hadi mmoja akamuuliza: na wewe, wako amekimbilia wapi?
Alicheka. Hakusogea.

Mavazi. Siku ya kwanza, viatu vyeupe.
Nilimtazama, nikatazama mbingu ya Aprili, nikanyamaza;
yapo mambo Buza humfundisha mtu yenyewe.

Uandishi wa taarifa. Hapa nilikuwa mkali.
Aliandika: "Nyumba ilikuwa ya huzuni."
Nikachora mstari mwekundu. Nyumba haina huzuni, mwanangu.
Ina vyumba vingapi? Paa linavuja wapi?
Nani amelala na njaa, tangu lini?
Huzuni iache barabarani, utaikuta ukirudi.
Akaandika upya: "Chumba kimoja. Paa linavuja juu ya kitanda.
Kitanda kimehamishwa mara mbili. Sasa linavujia miguu."
Kalamu nyekundu niliirudisha kwenye kopo.

Maadili ya kazi.
Kipengele hiki nimekiruka, nimekirudia,
chai imepoa.

Kwa Bibi Chausiku, mwenye kiharusi,
anayegeuzwa ubavu na mjukuu wa darasa la sita
kabla ya shule na baada ya shule,
Yusta aliona kidonda, akasema:
"Bibi, Alhamisi nakuletea godoro."
Njia nzima nilimsema.
Ofisi haina godoro. Ina barua ya kuomba godoro,
na barua ya kuikumbusha ile barua.
Ahadi ni deni, nikamwambia, na sisi tunakopa kwa maskini.

Alhamisi sikumkuta mezani.
Nikamfuata na hasira zangu, jua la saa saba,
nikasimama nje ya mlango, pazia limefungwa fundo,
nikamsikia:
"Bibi, nimekuja kukwambia godoro halipo.
Nilisema kabla sijajua. Nisamehe.
Ila nimejifunza kugeuza mgonjwa. Nionyeshe unavyopenda kulala."

Kimya. Kisha bibi, kwa ile nusu ya mdomo inayomtii:
"Miaka sita mnakuja na ndiyo.
Leo ndiyo kwanza naletewa hapana, tena kwa miguu."
Akacheka, mate yakamtoka, nikasikia kitambaa kikikamuliwa kwenye beseni.

Miaka sita iliyopita
aliyekuja ni mimi.
Jalada la mwaka ule linasema: ameahidiwa kiti cha magurudumu.
Mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka.

Sikuingia.

Fomu inauliza: je, mwanafunzi alifuata maelekezo ya msimamizi?
Ndiyo. Hapana.
Inataka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja tu.
Nimeweka katikati, juu ya mstari. Watajijua.

Maoni ya jumla, mistari mitano.
Nimeandika: Hurudi.
Neno limebaki peke yake kwenye uwanja mkubwa,
nikataka kulitafutia wenzake,
nikaacha.

Saini. Tarehe.
Wino wa muhuri umekauka tangu bajeti ya mwaka jana.
Naupulizia pumzi ya moto, mara moja, mara mbili,
nagonga.
Kisha namuuliza mlinzi
kama mvua imekatika upande wa Buza.