Mjukuu wa Mtia Nila

Mikono ya Babu Muhanna ilikuwa buluu hadi viwikoni.
Hata siku walipomkosha, hapa hapa Bahla,
maji yalipita juu ya kucha zake yakatoka meupe:
nila ilikwisha kula yamini naye.

Sokoni sifa yake ilikuwa moja,
nguo ya Muhanna haichujuki.
Mimi nalipwa mshahara
nichujue.

Nyuma ya karakana ya Ghasib pana dimbwi
la rangi ambayo Mungu hakulipa ua lolote.
Rangi za siku hizi, za unga, za madebe,
zina namba mahali pa jina.
Mbuzi wa jirani alikunywa, akatembea wiki nzima
na ndevu za zambarau, watoto wakimfuata kwa vicheko.
Sikucheka. Toka dimbwini hadi kwenye falaji ni hatua arobaini,
na falaji haijui kumkataa mgeni.

Basi nimekuja na ndoo, na waya, na bamba la kioo
nililolipaka oksidi ya titani, nyembamba kama utando wa maziwa.
Ghasib analigeuza geuza: "Hiki ndicho kisafisha maji?
Hakina hata tundu la chujio."
Namwambia, ngoja jua.

Jua la Bahla halingojwi.
Linapiga, na pale pasipofika jicho
elektroni inaruka kutoka kitini pake.
Ingependa kurudi, kama sisi sote,
lakini waya umeishika mkono: twende, usigeuke.
Nyuma linabaki pengo.
Pengo lina njaa.
Linang'ata maji, maji yanang'ata rangi,
na ile minyororo iliyofungwa kiwandani isifunguke
inakatika, pingili kwa pingili.

Simu inalia. Mama, kutoka Maskati;
Mama aliyekuja kutoka Wete na doti sita za kanga
na mpaka leo hafui mpya bila kuiloweka chumvi.
"Miaka yote hiyo ya kusoma, mwanangu, ufubaze rangi?
Jua lafanya bure. Njoo utazame mapazia yangu."
Kweli, Mama. Ila mapazia yako yamechukua miaka kumi,
na mbuzi huyu ana kiu leo.

Adhuhuri ndoo imekuwa zabibu, kisha waridi,
kisha kitu kama maji ya kuoshea mchele,
kisha hakuna.
Ghasib anachota glasi, anainyanyua juani:
"Meupe! Wallahi, meupe!"
Inafika mdomoni. Namshika mkono.

Kikombe kikivunjika si kikombe tena,
lakini muulize aliyekanyaga.
Rangi imekwenda; vigae vyake sijui viko wapi,
vidogo, visivyo na buluu ya kujitangaza.
Naijaza chupa, naiandika tarehe,
nairudisha ndoo juani kwa saa nyingine mbili.
Majibu ya maabara, Alhamisi.
Ghasib ananitazama kama mtu aliyenyang'anywa sikukuu.

Magharibi nanawa. Kwenye ukucha wa gumba
kuna nukta ya nila, ndogo, imekataa sabuni.
Bamba liko mezani, na taa iko karibu.
Naufumba mkono,
nautia mfukoni, gizani.