Vidole Viwili

Paa halifiki.
Upau wa mbele umekomea vidole viwili nyuma ya kioo,
na Bwana Thuweini amesimama nyuma ya upau,
jasho limemchorea ramani mgongoni mwa kanzu.
"Wameniibia," asema. "Nimeagiza paa la MG,
wameniletea kofia ya mtoto."

Nimeshika futi. Sisemi kitu.
Miaka kumi na tisa nashona viti hapa Wadi Kabiri,
kati ya muuza betri na mpiga rangi;
mwenye gari huja na ugonjwa, na jina la dawa,
na fundi kazi yake ya kwanza ni kungoja amalize.

Gari la mwaka sabini na mbili,
kijani ya chupa, magurudumu ya spoki,
mlango mmoja haufungi mpaka ubembelezwe.
Alilikuta Ruwi, ghalani kwa marehemu fulani,
chini ya magunia ya ndimu kavu,
na hadi leo ukiwasha hita kwa bahati mbaya
linanuka mchuzi.

"Tulivute," asema. "Ngozi ivute ili maji."
Hii si ngozi, bwana. Hii ni plastiki,
huvutwa ingali moto.
Tukalitandaza juu ya bati, saa saba ya Julai,
saa ambayo hata paka wa mtaa huu
hujibanza chini ya kiyoyozi akilamba matone.
Likalegea kama chapati ya maji.
Tukalirudisha mbio, vidole vinaungua,
vifungo vya nyuma ta! ta! ta! vikaitika,
na mbele

kidole kimoja.

"Umeona!" asema, kana kwamba tumeshinda.
Lakini kwa upepo, kidole kimoja ni mlango mzima.
Na kona ya kulia imekunjamana
kama uso wa mteja aliyetajiwa bei.

Basi nikalivua lote, nikaacha mifupa mitupu.
Nikapiga magoti, nikafumba jicho moja.
Upinde wa kati: huku umezama,
kule umenyanyuka kama bega la mwenye kiburi,
na bawaba yake inachungulia nje ya njia.
Kitambaa hakikuwa kifupi.
Kilipewa safari ndefu.

"Nani amekalia hapa?"
"Hakuna. Wallahi hakuna."
Bi Azza, ambaye tangu asubuhi hakuvuka salamu,
akaweka chini gilasi yake ya karaki.
"Mwambie habari ya mbuzi."

Kompresa ya jirani ikakohoa, ikanyamaza.
"Idi ya mwaka juzi," akasema mume, akikagua viatu vyake.
"Kutoka Samaili. Paa lilikuwa limekunjwa.
Kambuzi kadogo tu."
"Beberu," akasema Bi Azza. "Kasimama juu yake njia nzima,
wenye malori wanampigia honi,
naye anawajibu."

Nikanyoosha kwa bomba, kwa goti, kwa bismillahi,
polepole, maana chuma kizee ukikikaripia hukatika.
Nikasogeza bawaba tundu moja.
Nikaliita paa. Likaja,
likakaa juu ya kioo bila kuombwa,
vibano vikafunga kwa sauti ya ulimi kaakaani.

Mvua hatuna, tukaleta mpira wa maji.
Wao wawili ndani, madirisha juu,
wamekodoa macho kama abiria wa nyambizi,
mimi nje namwaga.
Tone moja tu lilipita.
Lilitua kwenye goti la Bi Azza.
Akalitazama tone. Akamtazama mume.

"Nitalitafuta lilikopitia," nikasema.
"Liache," akasema. "Siku akikana tena, nitamwonyesha."

Magharibi joto likashuka kidogo.
Bwana Thuweini akalipa, akazunguka gari mara mbili,
akapapasa mshono kwa kidole gumba,
kisha, wallahi, akafungua vibano,
akalikunja paa lote,
akashika njia ya Wadi Adei kichwa wazi,
mtandio wa mkewe ukipepea nyuma,
nami bado nimeshika bisibisi.