Usiiguse

Bwana Bořivoj aliingia na theluji mabegani,
mkononi bahasha, ndani ya bahasha ratiba ya tramu,
na katikati ya ratiba
karatasi ya stika yenye miaka arobaini na minne,
manjano kama chai iliyosahauliwa dirishani.
"Nipe dawa kali," akasema. "Ile ya kifuniko chekundu."

Duka langu liko Olomouc, nyuma ya stesheni,
upana wake hatua sita.
Rafu ya dawa za stika ni fupi kuliko mkono wangu,
lakini hapo ndipo watu wazima husimama
wakasoma vichupa kama wanasoma wosia.

Unaunga nini?
"Tramu."
Ipi?
Akanitazama kana kwamba nimemsahaulisha jina la mkewe.
Mia moja sitini na tatu. Aliiendesha miaka kumi na tisa,
hadi walipoikatakata kuwa chuma chakavu
yeye akiwa likizo, anakula cheri kwa dada yake.

Sasa iko mezani kwake, ndefu kama kiganja,
na zile tarakimu tatu zinapaswa kulala juu ya ribiti,
zisikae kama tangazo lililobandikwa ukutani,
zikae kama zimezaliwa hapo.

"Dawa ya moto ni moto," akasema.
Bwana, huo ni moto. Hii ni ngozi ya mzee.

Nikamweleza. Kwanza vanishi ing'aayo,
kwani hewa ikinaswa chini ya stika hung'aa kama fedha,
na fedha hiyo ni umaskini.
Kifuniko cha buluu hutangulia: ni pole,
stika huelea, unaisogeza utakavyo.
Chekundu hufuata, hulegeza mpaka mifupa,
na stika kuukuu haina mifupa ya kuchezea.

"Tatu ninayo moja tu," akasema. "Sita ninazo mbili."
Basi sita moja tukaitoa mhanga, hapo hapo kaunta,
juu ya kipande cha plastiki.
Tone moja la chekundu.
Sita ikajikunja kama unywele karibu na mshumaa,
tumbo likapasuka,
ikawa alama isiyo ya hesabu yoyote.
Bwana Bořivoj akavua kofia.

Mkeo husindika matango?
"Drahomíra? Mitungi thelathini kila Agosti."
Basi siki anayo. Nusu siki, nusu maji, kwa brashi laini.
Akaondoka na buluu peke yake, na mimi
nikabaki na hasara ya chupa moja
na wasiwasi, kwa maana siki hatukuijaribu.

Jumapili usiku simu ikalia.
"Imekunjamana!"
Ipi?
"Tatu! Moja na sita zimetulia, tatu imekunjamana yote!"
Usiiguse.
"Nina kibanio mkononi."
Kiweke chini.
"Imeharibika, nakwambia."
Kiweke chini, bwana, uniambie kimelia juu ya nini.
Nikasikia chuma kikigusa sahani.

Hakukata simu. Nilisikia saa ya ukutani,
nilisikia Drahomíra akiuliza nani anapiga usiku huu,
nilisikia pumzi ya mtu aliyewahi kusimamisha tani kumi na saba
kwa ajili ya mbwa.
Miaka ishirini na sita nauza vichupa hivi
na bado sijui kuieleza dakika ile:
stika hukata tamaa kwanza,
ndipo ikubali.

"Naona ribiti," akasema.
Wapi?
"Ndani ya tatu. Naziona zote. Nne."
Kisha akasema jambo kwa mkewe, si kwangu,
na simu ikabaki wazi mezani, wamenisahau,
nikiwasikiliza wakivuta taa karibu.

Ile sita iliyoungua bado iko kaunta.
Akija mtu anataka chekundu, namwonyesha.
Wengine hununua vilevile.