Paka Chini ya Meza

Saa kumi na nusu, Sudbury, jua limeshafunga kazi
na theluji ya nje imefika usawa wa kitasa.
Saumu anaipiga televisheni kofi la ubavuni,
ndivyo inavyoamka,
na anatokea Bwana Buto,
nungunungu wa soksi, jicho moja kifungo cha koti,
la pili limechorwa tu kwa wino.

"La porte!" anasema, anafunga mlango wa boksi.
"La porte!" tunaitikia, mimi na binti yangu,
yeye na daftari la shule, mimi na yunifomu ya kazi
na bakuli la wali wa jana mapajani.

Mama, mbona meza ni mwanamke?
Sijui, namwambia, labda kwa kubebeshwa vyombo.
Na kisu ni mwanamume.
Hapo sikuuliza.
Kwetu, namwambia, meza haina ume wala uke,
inakaa ngeli moja na nyumba na ndizi,
kisu kinakaa na kitanda na kicheko,
na hakuna aliyewahi kuposwa.
Akacheka hadi chai ikamtokea puani.

Somo la wiki ile lilikuwa paka.
Le chat est sous la table: yu chini ya meza.
Le chat est sur la table: yu juu yake.
Paka mwenyewe wa sponji, mkia umeshonwa upya kwa uzi mwekundu,
alipandishwa na kushushwa nusu saa nzima
kama mzigo uliokosa karatasi forodhani.

Saa tatu usiku nikavaa buti.
Nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho:
Bi Léontine, miaka tisini na mmoja.
Kiingereza alichouzia stempu miaka arobaini
kimemchuja chote, kama rangi ya kanga ya bei rahisi.
Kimebaki cha mama yake.
Wenzangu humwinamia wakapaza sauti,
utadhani Kifaransa ni uziwi.

Usiku ule alikuwa akilia, ameng'ang'ania reli ya kitanda.
Nikapekua kichwani. "Usiogope" sikuwa nayo.
"Nipo hapa" sikuwa nayo.
Nilikuwa na siagi, dirisha, mwavuli, bluu.
Nikasema, kwa matamshi ya nungunungu:
Le chat est sous la table.

Akanyamaza.
Akanitazama kama mtu aliyebishiwa hodi na jirani.
Kisha akainama, taratibu, shuka likimponyoka,
akachungulia chini ya meza ya dawa,
akauliza jambo refu, la haraka,
ambalo ndani yake nilidaka neno moja: noir.
Oui, nikasema. Noir.
Sikuwa nimemwona, lakini angekuwa na rangi gani nyingine?

Tukamtafuta. Mimi kwa magoti na tochi,
yeye akinielekeza kwa kidole, kule, hapana, kule,
akiita jina ambalo sikulishika.
Kufika saa nane alikuwa amelala,
mkono umening'inia nje ya kitanda,
vidole vimefunguka kidogo,
usawa wa masikio ya paka.

Asubuhi nikamkuta Saumu anakula mkate wima, basi la shule linanguruma nje.
Nikamwuliza: maziwa wanayaitaje?
Hatujafika huko, mama.
Wiki ijayo ni matunda.