Goti Halijashika Kitu

Oulu, Januari, saa tisa alasiri, giza limeshatanda.
Mezani kwa Raili kuna kahawa, ramani ya penseli,
na dadu ya pande ishirini, namba saba imefutika.

"Shoka lako ni la mikono miwili," asema Raili.
"Yote imeshika mpini. Ngumi utaitoa wapi?"

Tuukka hajibu upesi.
Mkono wake wa kushoto ulibaki kiwandani,
kwenye msumeno, mwaka ule wa theluji nyingi.
Ni mezani hapa tu anapokuwa na miwili.

"Sikusema ngumi. Nimesema pigo.
Shoka limenasa ubavuni mwa zimwi, sawa,
nalishikilia. Goti halijashika kitu.
Kisigino je? Paji la uso?
Mimi mlango naufungua kwa nyonga,
mkebe wa samaki naubana mapajani,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kanuni."

Raili anafunua kitabu.
Anakifunika.
"Haya, tupa."

Dadu inabingirika, inagonga bakuli la sukari,
inatulia upande usio na namba.

Saba.
Haitoshi.
Zimwi linacheka, kwa sauti ya Raili,
na Tuukka anacheka zaidi,
chini ya meza goti lake
limeshainuka tena.