Kioo Juu ya Ufa

Muuzaji alikuwa ameshapaka rangi.
Krimu, mipako miwili, bado inanuka,
vyumba saba Kaptembwa, choo uani, bomba moja,
na yeye mwenyewe, Bwana Muhoro, kanishika kiwiko
akinikimbiza tulipofika chumba cha nne.

Nikasimama pale pale.

Fundi Okwemba hakusema kitu.
Alitoa sarafu ya kumi mfukoni, akagonga plasta:
ko, ko, ko, halafu po.
"Hapa," akasema, "ukuta umemeza maneno."
Akakwaruza kwa ncha ya mwiko. Rangi ikabanduka,
plasta mbichi ikafuata, ufa ukajitokeza
kama mshono wa upasuaji, toka dirishani hadi msingi.

Mama yangu angesema, usipoziba ufa...
Okwemba akasema: huu umeshazibwa, ndiyo taabu yake.
Usizibe. Uulize.

Akachukua kipande cha kioo, upana wa vidole viwili,
akakibandika kwa simenti, huku na huku ya ufa,
akaandika kwa penseli: tisa Machi.
"Ukuta ukitembea, kitavunjika. Ngoja mvua ya masika ipite."
Udongo wa Nakuru ni majivu ya milima iliyolala.
Ukinywa kupita kiasi, huachama usiku.

Kungoja nako kuna bei.
Sacco ilikuwa imenikubalia milioni moja na laki nane,
wadhamini watatu: Jerop wa maabara, Nyanchoka wa wodi ya watoto,
na shemeji Lusweti, aliyetia sahihi bila kusoma,
huyo ndiye niliyemwogopa.
Usiku, zamu ikiwa kimya, nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya mgonjwa.
Si vyumba saba. Sita,
kwani kimoja daima kiko baina ya mtu na mtu.
Sita mara elfu nne na mia tano.
Toa ada za kaunti, toa lori la kunyonya choo,
toa taa ya uani, toa koki inayoibwa kila Desemba:
ishirini na moja, kukiwa na heri.
Makato ni thelathini na mbili.
Kumi na moja, basi, zitoke mgongoni mwangu,
kila mwezi, miaka saba.
Nikafuta, nikaandika upya. Zikatoka zile zile.

Muhoro alipiga simu Aprili mara nane.
Yuko mtu wa Eldoret, ana pesa taslimu.
Mkaribishe, nikamwambia, umpikie chai.
Mimi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi
nikisoma deni la kaunti la miaka sita asilolitaja.
Nililiandika chini ya ufa, ukurasa mmoja.

Ishirini na sita Mei, baada ya mvua ya usiku kucha,
simu ya Rukia, muuza uji, mpangaji wa chumba cha nne:
"Dada nesi, njoo uone kioo chako."

Unywele mmoja tu. Umekikata katikati.

Nilikuwa bado nimeinama, kidole kikiufuata,
aliposema nyuma yangu, sufuria mkononi:
"Ungeniuliza tu. Kitanda changu
nilikiondoa kwenye ukuta huo mwaka juzi."

Miezi mitatu. Sarafu, kioo, penseli, foleni,
na mtu anayelala humo
hakuna aliyemuuliza.

Nilinunua. Laki tatu na nusu chini, na deni la kaunti juu yake yeye.
Okwemba alichimba msingi vipande vipande, mita kwa mita,
akalaza chuma, akamwaga zege Jumapili hadi Jumapili.
Rukia nilimhamishia chumba cha sita, wiki tano bila kodi,
na wiki hizo hazimo katika hesabu yangu yoyote.

Sasa kuna kioo kipya, na tarehe mpya.
Kila masika ananipigia: "Bado kizima."
Nami husema alhamdulillahi kama yeye, ingawa mimi ni wa kanisani.

Mwezi jana nilipita kukagua bomba.
Mlango ulikuwa wazi.
Kitanda hajakirudisha ukutani.