Umeimbwa

Mwalimu Oketcho alileta mipira sita
ndani ya gunia la sukari,
mabega yamempauka kwa vumbi la saruji,
akaimwaga juu ya kaunta yangu
kama mtu anayelipa deni kwa mihogo.
"Andika. Wino usiofutika."
Niandike jina la shule?
"Jina halitoshi. Mwaka jana tuliandika jina,
mipira tisa ikaondoka nalo."
Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni:
MPIRA HUU UMEIBWA KUTOKA S/M ABWELI.

Nikamwambia, lakini mwalimu, bado haujaibwa.
Akanitazama kama mtoto aliyeshindwa kujumlisha.
"Utaibwa, Nyafwono. Mimi naokoa muda."
Na kwa nini Kiswahili, hapa Tororo,
ambapo mkaguzi anataka Kiingereza
na bibi yangu hataki chochote kisicho Kidhopadhola?
"Mwizi hasimami Malaba kugonga pasi.
Nataka asomeke ng'ambo zote mbili."

Mpira si karatasi, huwaambia wanaonipunja bei.
Karatasi hulala. Mpira hukukimbia.
Unauketisha ndani ya beseni la kunawia,
unaujaza upepo mpaka ngozi iitike ukiigonga,
maana ukiuandika umesinyaa
herufi zitapasuka siku utakaponenepa.
Unaupangusa kwa spiriti.
Unashusha pedi ya silikoni, wino tumboni,
inaibusu ile pembe sita nyeupe,
moja, mbili, tatu,
unainua bila kupumua.
Herufi saba kwa pembe moja, basi.
Ya nane hupanda mshono, na ya mshononi
ndiyo hufa kwanza.

Opendi, mtoto wa dada yangu, alichonga bamba usiku,
redio sikioni, mechi imefika dakika za nyongeza.
Kesho yake nikaona A inapanda mshono.
Nikailaumu pedi.

Mwalimu alisukuma miwani juu ya paji,
akausogeza mpira puani,
akasoma kwa sauti yake ya kuita majina:
"Mpira huu ume... im... bwa."
Nje mtu alikuwa anachomelea geti.
"Umeimbwa. Kutoka Abweli."
Opendi akakumbuka ghafla ana shida chooni.
Nikaleta petroli, nikasugua mmoja;
M ikatoka, ikatoka na ngozi,
pakabaki kidonda.
"Acha," akasema, akakata elfu thelathini kwenye malipo.
Pale mlangoni, gunia begani,
nilimsikia analijaribu lile neno tena, peke yake,
polepole.

Julai nilikwenda Malaba kutafuta wino.
Nyuma ya foleni ya malori, utingo wawili
na watoto wa mama wa chapati
walikuwa wamefanya magoli kwa matairi.
Mpira ukaja ukanigonga kifundo cha mguu.
Nikauinua. A ya mshono ilikuwa imekufa,
kama ninavyosema siku zote.
KUTOKA ilikuwa imeliwa na changarawe.
M ya Opendi ilikuwa nzima, nyeusi,
kama imechapwa asubuhi ile.

"Mama, rudisha!"
Mmeutoa wapi huu?
Kipa akaja mbele, jezi inamfika magotini,
akaweka kidole chenye unga juu ya kazi yangu.
"Hatukuuiba. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Ningesema nini?
Nikaurudisha kwa ncha ya kiatu, vibaya,
ukaingia chini ya lori la ngano,
wakaufuata wanne, kwa matumbo, wakicheka.

Jumatatu nilimweleza Oketcho.
Hakuinua uso kutoka kwenye madaftari.
"Ulikuwa na upepo?"
Umejaa.
Akaweka alama ya vema, nyekundu,
akafungua ukurasa mwingine.